Mbao za Mninga Alizoacha Fundi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na mama watoto na wanao wote. Habari uliyopewa kwa simu ni ya kweli: fundi wetu amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 68, nasi tulimzika Alhamisi iliyopita. Najua kilichokuzuia kuja, wala mjane hana kinyongo nawe. Yeye ndiye aliyeniagiza nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu simu, asemavyo, humaliza salamu tu na mambo yenyewe yakabaki.

Waliosimama msibani kutoa wasifu walimsifu zaidi kwa vita, na mmoja wao alieleza mapigano ambayo sidhani kama marehemu aliyafikia. Nilinyamaza, kwani si mahali pa kubishana, lakini wewe unajua kwamba katika miaka sita tuliyokaa karakanani kwake hatukuwahi kumsikia akisimulia vita kwa hiari yake. Tulichokijua tulikiokota kidogo kidogo. Tulijua kwamba majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana wa miaka 22 anayejifunza useremala kwa mjomba wake. Kwamba aliitwa pamoja na mgambo wenzake baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa kuwa sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tulikuwa navyo. Na kwamba aliuvuka mto Kagera kwa daraja la muda, kwa kuwa lile la Kyaka adui alikwisha kulivunja, kisha akaendelea kwa miguu hadi ndani ya Uganda. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa amelazwa, mguu umejeruhiwa. Ndiyo asili ya kule kuchechemea ambako mimi nawe tulikuwa tukikuiga nyuma ya mgongo wake, Mungu atusamehe.

Mara moja tu alinisimulia jambo, nawe siku hiyo ulikuwa umekwenda kufuata mbao. Tulikuwa tumeletewa mlango mkuukuu wa kukarabati, na mimi, kwa pupa ya kutoa bawaba, nikauchana ubao kwa nyundo. Aliichukua nyundo mkononi mwangu, akaketi kwenye benchi la kazi, akasema kwamba mji wa Masaka ulipotekwa Februari 1979 majengo mengi yalilipuliwa ili kulipiza yaliyofanywa Kagera, na yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba masanduku ya baruti. Kilichomkaa moyoni hakikuwa kishindo, bali mlango mmoja wa mvule uliobaki umesimama katika fremu yake ilhali nyumba yote imelala chini. Aliukagua, maana alikuwa fundi hata akiwa na bunduki, akaona kwamba aliyeuunga hakutumia msumari hata mmoja. "Yule aliyeutengeneza sikuwa na ugomvi naye," alisema, kisha akanipa bisibisi na kuniambia nitoe skrubu moja baada ya nyingine.

Huenda sasa unaelewa kwa nini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikuwa akifunga karakana nusu siku, asiende kwenye gwaride, akabaki peke yake akinoa patasi zote, hata zilizokuwa kali. Binti yake mkubwa aliniambia kwamba mwaka mmoja alimpeleka Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu wa vita ile. Mzee alisimama makaburini, akataja majina matatu kwa sauti ya chini, kisha akauliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi.

Lakini mimi nikimkumbuka namwona kazini. Alirudi kutoka vitani wakati nchi imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo, kama tunavyojua, ikawa miaka. Misumari ikawa adimu, na mafundi wengine wakakaa bure wakisubiri shehena. Yeye akaukumbuka mlango wa Masaka, akajizoeza kuchonga ulimi wa ubao na tundu lake mpaka viingiane vyenyewe. Misumari iliporejea madukani, hakuiacha njia ile. Unakumbuka karatasi ya daftari aliyokuwa akiikunja mara moja na kujaribu kuipenyeza kwenye maungio? Ikipita, kazi inarudi, hata kama mteja amesimama mlangoni na pesa mkononi. Kitanda changu cha kwanza kilirudi mara nne. Nilimchukia wiki nzima, na kitanda hicho mpaka leo kinalaliwa bila kulia.

Ukali huo hakwenda nao nyumbani. Saa kumi na moja jioni, awepo mteja asiwepo, alikung'uta maranda kwenye suruali, akatundika aproni, akaondoka. Diwani mmoja aliwahi kumsihi abaki amalizie viti vya mkutano, akajibiwa kwamba watoto walikuwa wakisubiri kukaguliwa madaftari. Wote wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, walijua kushika randa kabla ya kumaliza shule ya msingi. Watu walisema anawaharibu mabinti kwa kazi za kiume. Yule wa pili ndiye anayeiongoza karakana sasa, na maungio yake, nakiri, ni bora kuliko yangu.

Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa na deni lake. Walipooana mwaka 1980 alimwahidi kabati la mninga, na kila mbao zilipokwisha kukauka sawasawa, ada ya shule ilifika au mgonjwa alilazwa, mbao zikauzwa. Mganga hajigangi, na mama wa watu akaendelea kukunja nguo zake katika sanduku la bati. Mama alikuwa akimtania mbele yetu, nasi tukicheka, lakini fundi mwenyewe hakucheka.

Usiku wa msiba, mimi na vijana wa karakana tulipanda juu ya kenchi tukashusha mbao za mninga zilizofichwa huko, kavu, pana, zenye michirizi mizuri ajabu, tukadhani amejiwekea za jeneza. Tulikuwa tumekwisha kushika msumeno binti yule alipougeuza ubao wa juu. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya penseli: "Kabati la mama. Zisiuzwe." Chini yake, vipimo. Binti akasema baba aliagiza azikwe katika mbao za paina, za kawaida, kwa kuwa mninga haufai kufukiwa. Basi tukalitengeneza jeneza kwa paina usiku ule ule. Tulipomaliza nilikunja karatasi, nikazunguka pembe zote, na kwenye pembe ya miguuni ikapita. Hakuna aliyesema neno. Tukaifungua pembe ile, tukachonga upya, na ilipokataa kupita ilikuwa imetimia saa tisa usiku.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mimi na binti tumeanza kabati. Mwili wake umekwisha kusimama na milango tumeiranda, lakini vipimo alivyoacha vinataja droo tatu, na droo, unajua mwenyewe, hakuwahi kunikabidhi mimi. Kila zilipokuja alikuita wewe. Nafasi zake tumeziacha wazi. Patasi yake ndogo, ile yenye mpini wa mpingo, imenolewa na ipo juu ya benchi lako la zamani, lile la dirishani. Ukipata ruhusa hata ya siku tatu, njoo kabla ya arobaini, na nauli ikikusumbua niandikie mapema. Mama hajaambiwa lolote. Anadhani kelele anazozisikia ni kazi za wateja.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo wa karakana moja.