Barua ya wazi kwa vijana wa klabu za sayansi, Arusha na Moshi

Wanangu,

Ubishi wenu una kambi mbili: wanaotaka Mtanzania arushwe angani kwa mpango wetu wenyewe, na wanaosema tusafishe kwanza maji yenye floridi yanayoyafanya meno ya watoto huku Meru yawe ya kahawia. Kambi zote mbili hazijataja bei. Kilicho ghali zaidi ni yule mtu atakayekaa juu ya roketi.

Setilaiti haili wala haipumui. Mtu mmoja hutumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, na hutoa karibu kilo moja ya kabonidayoksaidi ambayo lazima iondolewe, la sivyo itamuua oksijeni ingalipo. Mwaka 1971, chombo cha Wasovieti, Soyuz 11, kikirudi duniani, vali ya hewa ilifunguka mapema, watatu wakafa; hawakuwa na mavazi ya shinikizo kwa sababu hayakuenea humo. Baada ya hapo Soyuz ikabeba wawili kwa miaka kadhaa, maana mavazi na vifaa vyake vilikula nafasi ya mmoja. Hebu fikirini: vali moja, na theluthi ya nafasi za abiria imekwenda.

India ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Aryabhata, mwaka 1975 kwa roketi ya Wasovieti. Mhindi Rakesh Sharma alikwenda angani 1984, naye akiwa abiria wa Soyuz. Mpango wao wenyewe, Gaganyaan, uliidhinishwa 2018 kwa rupia zipatazo bilioni 90. Kufikia 2024, safari zilipoongezwa, bajeti ilikuwa takriban bilioni 202. Mwaka 2022 waliolenga ulipita bila mtu kuruka. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, kwa shilingi zao kama milioni 50.

Na ile hoja kwamba Kilimanjaro imeshatusogeza karibu na anga, iacheni. Kazi si kupanda, ni kupata mwendo wa kilomita 7.8 kwa sekunde. Dunia hapa karibu na ikweta inatuchangia mita 460 hivi kwa sekunde.

Mimi ningeanza na kituo cha kupokea mawimbi. Chukueni bomba la plastiki na vipande vya futi ya chuma, mtengeneze antena ya Yagi, ile ya vipande vilivyopangwa sambamba, inayoelekezwa upande mmoja. Sauti za kituo cha kimataifa cha anga hushuka kwa megahezi 145.8, mawimbi ya mita mbili, kwa hiyo kipande kirefu kitakuwa kama mita moja. Kila kituo hicho cha anga kikipita mna dakika kumi hivi, mara nyingi pungufu. Masafa ya mawimbi hupanda kikija na kushuka kikienda. Msipoyafuata kwa redio, sauti itakwaruza. Tena mlima uko kaskazini kwenu, Meru au Kibo, hivyo kinachopita chini upande huo kitawapotea. Mkitaka kurusha mawimbi, ombeni kwanza leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Mkikutana tena, mwenye hoja ya mwanaanga aseme fedha za miaka kumi zitatoka fungu gani, nani atapima vali, na chombo kikitua baharini meli ya nani itakifuata. Mwenye hoja ya maji naye asijifiche: vichujio vya mkaa wa mifupa hushiba floridi, basi aseme vitabadilishwa lini, na kwa fedha za nani.

Mzee wenu,
Moshi