Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Matangazo Yasiyotaja Mshahara

Wanachama wenzangu, habari za kazi. Najua wengi wenu mnaisoma hii kaunta ikiwa imetulia kidogo, mkono mmoja bado uko kwenye skana, kwa hiyo naanza na lile linalouma, mengine yatafuata.

Kazi. Mwaka mzima kamati ya chama chetu cha wafanyakazi wa maktaba imekuwa ikipokea matangazo ya nafasi kutoka maktaba za kila kona ya jimbo na kuyasambaza kwenu. Ukilisoma moja moja huoni kitu, ila ukiyatandaza yote mezani kwa pamoja kama tulivyofanya kwenye kikao cha mwisho, ndo unaona hali halisi ya maktaba zetu, na inaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye vipeperushi vyenye picha za watoto wanaocheka na kitabu. Nafasi za kudumu zinaadimika. Mtu wa katalogi (orodha ya vitabu vyote vya maktaba) akistaafu nafasi yake haitangazwi, kazi yake inagawanywa kimyakimya kwa waliobaki, halafu baada ya miezi linatoka tangazo la mtu wa masaa machache kwa wiki, mkataba wa mwaka mmoja, anayetakiwa awe na digrii ya uzamili ya ukutubi (taaluma ya maktaba), ajue kuorodhesha, aendeshe kipindi cha hadithi cha watoto, atengeneze mabango, aijue printa inapogoma, awe na leseni ya udereva, awe tayari kufanya Jumamosi, na "kazi nyingine atakazopangiwa". Mshahara? "Utategemea uzoefu."

Uzoefu wa nani sasa. Bajeti ya nafasi ile imeshapitishwa na bodi, namba ipo kwenye karatasi, mtu wa fedha anaijua, mkurugenzi anaijua, asiyeijua ni yule anayeomba kazi peke yake. Kuna mwanachama mwenzetu (ameniruhusu niseme, jina nalibana) alisafiri kwa hela yake mpaka upande wa pili wa jimbo, akafanya intavyuu, akaitwa tena, akasimulia hadithi mbele ya jopo la watu wazima waliokaa kwenye viti vidogo vya watoto, akajibu maswali ya katalogi, na mshahara akatajiwa mwishoni kabisa. Ulikuwa chini ya anaoupata sasa. Akarudi. Maktaba ile ikatangaza tena nafasi ileile, maneno yaleyale, mpaka koma haikubadilishwa.

Tumewauliza wakurugenzi kadhaa kwa nini hawaandiki, na kusema haki majibu yao hayakuwa ya ubabe. Wengine walisema viwango hupangwa na halmashauri na wao hawana sauti. Mmoja akasema wazi kabisa kwamba wakiandika ule mshahara hakuna atakayeomba. Nilimshukuru kwa ukweli wake, ila hilo ndo haswa linalotakiwa kufika kwenye bodi. Tangazo lenye mshahara mdogo ulioandikwa likikosa waombaji, mkurugenzi anapata kitu cha kupeleka kwenye kikao cha bajeti. Lisipotaja, bodi itaendelea kuamini vijana wa siku hizi hawapendi vitabu.

Kuhusu digrii najua hatukubaliani na sitajifanya tunakubaliana. Msimamo wangu ni huu: mtu wa kuamua maktaba inunue nini, kupanga taratibu za katalogi, kumsaidia mtafiti aliyekwama, huyo anahitaji kuwa amesomea na tusione haya kusema hivyo. Ila kudai uzamili kwa mtu wa kurudisha vitabu kwenye rafu na kutengeneza kadi za wanachama wapya ni kuwafungia mlango watu wetu wenyewe, wale ambao wameshika kaunta miaka na miaka, wanamjua kila msomaji na anachopenda, na kila nafasi ya juu ikitoka inaenda kwa mgeni ambaye wao ndo watamfundisha mfumo. Wengine mtanipinga kwenye mkutano. Njooni, ila mje na tangazo mkononi tulisome pamoja.

Huduma sasa, na hapa kuna mazuri mengi tu.

Mkopo baina ya maktaba bado ndo fahari ya jimbo hili kwa maoni yangu, ingawa hausifiwi na mtu. Msomaji yuko kwenye maktaba ya chumba kimoja, anataka kitabu cha mambo ya udongo kilichochapwa zamani, kipo maktaba ya chuo mbali huko, anajaza ombi, na baada ya siku chache gari linashusha yale makreti ya plastiki mlangoni, ndani kitabu kina kikaratasi cha njia kimefungwa na mpira, kimeandikwa kilikotoka na kinakokwenda. Mliowahi kupakua makreti mnajua kazi ile, mgongo unauma, kuna kikaratasi kimechomoka na hujui kitabu ni cha nani, kuna kreti limekuja lenye vitabu viwili chini na chupa ya maji ya dereva juu. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika 1931, kwenye kanuni zake tano, kwamba maktaba iokoe muda wa msomaji, na mimi kila nikiona yale makreti naona mtu anaokolewa muda. Tatizo ni kwamba njia kadhaa zimepunguziwa safari mwaka huu na wanaoumia ni haohao wa maktaba ndogo, kwa sababu maktaba kubwa ina vyake. Tumeandika barua kuomba ratiba irudishwe. Bado hatujajibiwa.

Vitabu vya kielektroniki, hili swali mnaulizwa kila siku kwenye kaunta: kwa nini kitabu cha kwenye simu kina foleni, si ni faili tu? Mwambieni msomaji ukweli kwamba maktaba mara nyingi hainunui kitabu kile, inakodi leseni, leseni moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati, na nyingi zinaisha baada ya muda fulani au idadi fulani ya mikopo, kisha unalipa upya. Wachapishaji HarperCollins ndio walioanzisha kelele 2011 walipoweka kikomo cha mikopo 26 kwa kila nakala, wachapishaji Macmillan nao Novemba 2019 wakaanza kutekeleza sharti kwamba kitabu kipya mfumo mzima wa maktaba, hata uwe mkubwa vipi, utapata nakala moja tu kwa wiki nane za mwanzo, wakutubi wakagoma kununua sehemu nyingi, na Machi 2020 sharti lile likaondolewa. Nayakumbusha haya kwa sababu kuna waliosema kamati inapoteza muda kwenye mazungumzo ya kununua kwa pamoja. Hatupotezi. Maktaba moja ndogo ikipiga simu kwa mchapishaji inapewa bei na kuagwa, zikienda nyingi kwa pamoja zinasikilizwa, na mgomo ule uliwezekana kwa sababu watu walikuwa tayari wamekaa meza moja.

Faini za kuchelewesha sitazungumza sana, maktaba nyingi mmeshaamua. Chicago waliziondoa Oktoba 2019 na vitabu vilivyokwama majumbani vikaanza kurudi kwa wingi, watu walikuwa wanaogopa deni tu. Waliobaki na faini kwenye jimbo hili wanasema ni chanzo cha mapato, haya, ila pigeni hesabu na muda wa mfanyakazi anayekaa kugombana na mama wa watoto watatu juu ya visenti. Kitabu kilichopotea kilipwe, hapo sina huruma. Kuchelewa ni kitu kingine.

Kompyuta. Wote mlisikia yaliyowapata British Library Oktoba 2023, wadukuzi waliingia, wakaiba data, wakaharibu seva, wakadai hela, maktaba ikakataa kulipa, na katalogi ya mtandaoni ikarudi Januari 2024 tena ya kutazama tu. Sifa niwape, Machi 2024 walitoa ripoti yao hadharani na kueleza udhaifu wao wenyewe: inaelekea wadukuzi walipitia seva iliyowekwa kwa ajili ya watu wa nje kufanya kazi kwa mbali, haikuwa na ule uthibitisho wa hatua mbili, na mifumo ya zamani ikafanya kujenga upya kuchukue muda mrefu mno. Sasa jiulize, kama maktaba ya taifa ya Uingereza iliangushwa hivyo, wewe ambaye paswedi ya kompyuta ya kaunta imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi uko wapi. (Msicheke, nimeitembelea hiyo maktaba, na nilikaribishwa vizuri sana kwa hiyo siitaji.) Mafunzo ya mwaka huu ya usalama yalijaza ukumbi, tutayarudia. Lakini rudini pia kwenye lile rundo la matangazo: nafasi za watu wa mifumo ndo zinazokaa muda mrefu kuliko zote bila kujazwa, manake mtu mwenye ujuzi ule analipwa vizuri popote pengine, kwa hiyo bakapu (nakala za akiba za data) inafanywa na mtu wa hadithi za watoto akipata nafasi.

Hilo linanileta kwenye Koha, programu ya kuendeshea katalogi na mikopo ya maktaba. Maktaba kadhaa zimehamia huko mwaka huu na nyingine zinafikiria. Ni programu nzuri, ilianzia kwenye maktaba za Horowhenua huko New Zealand, ikaanza kutumika Januari 2000 kwa sababu mfumo wao wa zamani ulikuwa hauaminiki kuvuka kuingia mwaka 2000, na tangu mwanzo ikatolewa bure kwa yeyote. Ninachoomba ni bodi zisidanganyike na hilo neno bure. Leseni ndo ya bure. Mtu wa kuihamisha data, kusafisha rekodi zilizorudiwa mara nne, kukesha usiku wa kuhama, huyo sio wa bure, na maktaba mbili zilizohama bila kumtenga mtu rasmi mpaka leo zina vitabu kwenye rafu ambavyo mfumo unasema havipo.

Nalipenda pia lililofanywa na kamati ndogo ya wasomaji wasioona. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unaruhusu kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za maandishi makubwa kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kumwomba ruhusa mwenye haki miliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine zilizojiunga. Wafanyakazi wengi walikuwa hawajui. Kuna aliyekuwa anamjibu msomaji "haki miliki hairuhusu" kwa nia njema kabisa. Baada ya semina maombi yameanza kwenda, na kuna msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sasa anawapigia simu kaunta kila wiki kulalamika kwamba msomaji wa sauti wa kitabu fulani anakimbia sana. Malalamiko ya aina hii nayataka mengi.

Mambo ya ndani kwa haraka. Ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotegemea, mweka hazina atasoma mahesabu mwenyewe. Mpango wa kumuunganisha mkutubi mpya na mzoefu unaendelea, wazoefu tuna uhaba, jitokezeni, ni simu tu mara moja moja. Manifesto ya maktaba za umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO, ile iliyohuishwa 2022, tumeigawa kwa wanachama wote ili mkiitwa kwenye halmashauri muwe na karatasi inayosema huduma ya maktaba ya umma kimsingi haitozwi, inasaidia sana mbele ya madiwani. Makamu mwenyekiti hatagombea tena, ameomba apumzike, na amefanya kazi kubwa sana kwenye njia za magari, mengine atayasema mwenyewe.

Sasa hoja ya kupigiwa kura. Kamati inapendekeza kwamba chama kisisambaze tangazo lolote la kazi ambalo halitaji mshahara au angalau kiwango cha chini na cha juu, masaa kwa wiki, na kama mkataba ni wa muda au wa kudumu. Hakuna msamaha kwa maktaba kubwa wala kwa rafiki wa mwenyekiti. Tangazo lisilotimiza litarudishwa kwa aliyelituma pamoja na maelezo ya kinachokosekana, likirekebishwa linatoka siku hiyohiyo. Kuna mwanachama amependekeza tuongeze na sharti la kueleza kwa nini digrii inahitajika, mimi naliunga mkono ila kamati imegawanyika, kwa hiyo litapigiwa kura peke yake. Wakurugenzi ambao ni wanachama nao wana kura, na wawili wameshaniambia wataipinga hoja ya kwanza. Wamepewa nafasi ya kuzungumza kabla ya kura, dakika kumi kila mmoja, naomba tuwasikilize bila kuzomea kama mwaka jana. Wasioweza kufika watume kura kwa katibu kabla mkutano haujafunguliwa, zitakazochelewa hazitahesabiwa.