Msimbo ndani ya kisanduku hauna kosa, kumbukumbu ya siri ndiyo yenye kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe dukuduku langu kuhusu barua ya msomaji mwenzangu iliyotoka kwenye ukurasa huu. Aliandika kwamba modeli za uigaji, zile za kuiga mtambo kwenye kompyuta zinazochorwa kwa visanduku na mishale, zimevamiwa na watu wavivu wa kuchora, wanaochomeka katikati ya mchoro funksheni, yaani vipande vya msimbo walivyoandika wenyewe, na akataka mtindo huo upigwe marufuku. Ugonjwa anaousema naujua, nimeuguza modeli nyingi. Dawa yake ndiyo siikubali.

Kazi yangu ni kukagua modeli za watu kabla hazijageuzwa kuwa programu ya kuendesha mtambo wenyewe. Pampu, mota, matangi, betri, vyote huja kwangu kwanza vikiwa michoro ya Simulink, programu ya uigaji inayoenda pamoja na MATLAB, ile programu ya hesabu, na mara mojamoja ya Xcos, ile inayokuja na Scilab, programu nyingine ya hesabu, bila malipo. Nikifungua modeli ngeni sihangaiki kwanza na mishale inaelekea wapi. Natafuta visanduku vyenye msimbo, navifungua kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nakiuliza: wewe unakumbuka nini?

Lakini tuanze na pale ndugu yangu anapokosea. Chukua thamista, kile kihisi ambacho ukinzani wake hushuka joto likipanda. Ili kupata joto kutoka kwenye ukinzani, wengi hutumia mlinganyo wa Steinhart na Hart wa mwaka 1968. Unachukua logi asilia ya ukinzani, unaizidisha kwa kigezo kimoja. Logi hiyohiyo unaipandisha kipeo cha tatu na kuizidisha kwa kigezo kingine. Unajumlisha vyote pamoja na kigezo cha tatu. Unagawa moja kwa jumla hiyo. Mwisho unatoa 273.15 upate nyuzi za Selsiasi. Kwa msimbo ni mstari mmoja, na mwenye mlinganyo mkononi anaulinganisha kwa jicho tu. Kwa visanduku ni vinane au tisa na mishale yake, na aliyechagua logi ya msingi wa 10 badala ya logi asilia amelificha kosa lake ndani ya menyu ya kisanduku kimoja, ambacho mkaguzi aliyechoka atakipita jioni bila kukifungua. Funksheni ya namna hii haina madhara. Ukiipa ukinzani uleule inakupa joto lilelile, ikiitwa mara moja au mara elfu. Kumlazimisha mtu aichore ni kumtesa bure.

Tena msimbo ni maandishi. Ukiuweka kwenye faili lake, ukalinganisha toleo la jana na la leo, mstari uliobadilika unaonekana palepale. Faili la modeli la Simulink ni kifurushi kilichobanwa. Ukitaka kujua mwenzako kagusa nini inabidi uwe na chombo cha kulinganishia. Na funksheni iliyo kwenye faili lake unaweza kuijaribu peke yake, ukailisha sifuri, namba hasi na namba za ajabuajabu, bila kuwasha modeli nzima.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Nitaueleza kwa tangi la maji, kwa sababu ndilo ninalolikuta mara nyingi. Pampu inatakiwa iwake maji yakishuka chini ya mita 1 na izime yakipita mita 3. Katikati ya vimo hivyo pampu inabaki kama ilivyokuwa, kwa hiyo lazima kuwe na mahali panapokumbuka ilikuwaje. Mwandishi wa modeli anaandika funksheni, anaiwekea ndani kigeu, yaani mahali pa kuhifadhi thamani, kinachodumu kila funksheni inapoitwa tena, anaandika masharti yake mawili, anaichomeka kwenye mchoro. Anaijaribu kwa mkono: anaipa 0.9, inawasha, 2, imewaka, 3.1, inazima. Safi kabisa. Halafu anaendesha modeli, na grafu inaonyesha pampu ikizima maji yakiwa kwenye mita 2.96. Hapo lawama zinaanza: mara kihisi, mara pampu, mara programu ina kasoro.

Hakuna chenye kasoro hapo ila ile kumbukumbu. Kikokotoo cha uigaji, yaani sehemu inayosukuma wakati mbele na kutatua milinganyo, hakitembei kama watu wanavyodhani. Kikitaka kupiga hatua moja, kwanza kinachungulia mbele. Kile kinachoitwa ode45, kilichojengwa juu ya fomula za Dormand na Prince za mwaka 1980, huhesabu milinganyo mara sita kwa kila hatua, kwenye nyakati mbalimbali ndani ya hatua hiyo, halafu hukadiria kosa. Kosa likiwa kubwa, hatua yote inatupwa, kinarudi pale kilipokuwa na kujaribu tena kwa hatua fupi zaidi. Kwa tangi letu, kikokotoo kikiwa mita 2.96 kinachungulia mbele, kinaiuliza funksheni: maji yakiwa mita 3.02 unasemaje? Funksheni inajibu "zima" na papo hapo inajiandikia kwamba pampu imezimwa. Kikokotoo kinaona kimeruka mbali mno, kinarudi mita 2.96. Maji yamerudi. Kumbukumbu ya funksheni haikurudi, kwa kuwa kikokotoo hakijui hata kama ipo. Na kwa kuwa mita 2.96 ni katikati ya vimo viwili, funksheni inaendelea na ilichoandika: pampu imezimwa. Imezimwa kwa maji ambayo hayakuwahi kufika.

Ndiyo maana modeli yenye maradhi haya hubadilisha majibu ukibadilisha tu urefu wa juu kabisa wa hatua, bila kugusa tangi wala pampu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na sijakutana na cha haraka kuliko hicho.

Waliotengeneza zana hizi walilijua jambo hili zamani. Anayeandika kisanduku cha Simulink kwa lugha ya C, ile S-Function ambayo vijana wanaikimbia kwa ubaya wa sura yake, anakuta kazi zimegawanywa: mdlOutputs inatoa jibu, mdlUpdate inabadilisha kumbukumbu, na mdlDerivatives inaeleza kasi ya mabadiliko. Ile ya kutoa jibu huitwa hata kwenye hatua za kuchungulia. Ile ya kubadilisha kumbukumbu haiitwi mpaka hatua ikubaliwe. Xcos nayo iko hivyohivyo: kisanduku cha C hupokea namba ya kukiambia kinatakiwa kufanya nini, 1 ni toa jibu, 2 ni badilisha kumbukumbu, 0 ni eleza kasi, 4 ni anza, 5 ni funga. Mimi S-Function naipenda kwa ukali wake. Mwandishi analazimika kuamua kila kitu kikae wapi kabla ya kuandika mstari wa pili.

Kiwango cha FMI, kinachowezesha modeli ya programu moja kuendeshwa ndani ya programu nyingine, nacho kiligusa jambo hilohilo. Toleo la 2.0 la mwaka 2014 liliweka wito wa kuhifadhi hali yote ya kijenzi, yaani modeli iliyofungwa hivyo, na mwingine wa kuirudisha, kusudi anayeendesha akitaka kurudia hatua, kila kitu kirudi pamoja. Wito huo si wa lazima, kwa hiyo kijenzi hutakiwa kusema wazi kama kinauweza. Ninayeletewa kijenzi kisichouweza, tena kimefungwa msimbo hausomeki, najiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wa modeli ni hili: funksheni iandikeni, ila kumbukumbu itoeni nje muiweke kwenye mchoro. Kwa tangi letu, funksheni ipokee kimo cha maji na hali ya pampu iliyotangulia, itoe hali mpya, basi. Hali hiyo ipite kwenye kisanduku cha Unit Delay, kinachoshika thamani na kuitoa hatua inayofuata, chenye muda wake maalumu, tuseme sekunde 0.1, kisha irudi kama ingizo. Funksheni nayo ifanye kazi kwa muda huohuo, isiitwe ovyo kati ya hatua. Kisanduku cha Integrator, kinachojumlisha mabadiliko kadiri wakati unavyokwenda, kiendelee kubeba kimo cha maji, hiyo ndiyo kazi yake. Mkaguzi akitazama mchoro anaona pampu inakumbukwa wapi na inaanza na thamani gani. Kwa kesi nyepesi kama hii kisanduku cha Relay kinatosha, kina kimo cha kuwasha na cha kuzima tayari.

Ila kuna ujanja mmoja nisiousamehe. Mtu akipata onyo kwamba mchoro wake una mzunguko, yaani jibu la kisanduku linategemea lenyewe kwa wakati uleule, anabandika Unit Delay popote ili onyo linyamaze. Linanyamaza kweli. Lakini ameongeza ucheleweshaji wa hatua moja ndani ya udhibiti, na kidhibiti kilichokuwa kimetulia kinaweza kuanza kuyumba. Ucheleweshaji uwekwe pale ambapo mtambo wenyewe unachelewa.

Na kwa kuwa kikokotoo kinachungulia, funksheni itaulizwa pia maswali ambayo maumbile hayaulizi. Maji yanayotoka chini ya tangi hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Tangi likikaribia kukauka, kikokotoo kinaweza kujaribu kimo cha hasi 0.001. Ukiandika sqrt(h) kwenye dirisha la MATLAB na namba hasi, unapata namba changamano bila kelele. Funksheni hiyohiyo ndani ya kisanduku cha MATLAB Function husimamisha uigaji kwa kosa, maana humo msimbo hutafsiriwa kwanza kuwa C, na aina ya kila namba lazima ijulikane kabla ya safari. Andika sqrt(max(h,0)), mambo yaishe. Wanaosoma saa ya kompyuta ndani ya funksheni nao waache: saa nzima ya mtambo inaweza kuigwa kwa sekunde chache, kwa hiyo wakati uchukuliwe kwenye mchoro.

Tukifuata marufuku ya msomaji mwenzangu, thamista itachorwa kwa visanduku tisa, na lile tangi litabaki na uhuru wa kuugua kwa njia nyingine, kwa sababu kumbukumbu inaweza kufichwa hata ndani ya maktaba ya visanduku vilivyonunuliwa. Namwomba ajichoree tangi hilo mara mbili, moja kumbukumbu ikiwa ndani ya funksheni na moja ikiwa nje. Aendeshe yote mawili urefu wa juu kabisa wa hatua ukiwa sekunde 10, halafu sekunde 1, atazame pampu inazimia kimo gani kila mara. Grafu zake akizileta kwenye ukurasa huu nitazisoma kwa hamu.

Ni mimi msomaji wako,
Mkaguzi wa modeli