Mwanangu, usiache mbio

Lubumbashi, Katuba

Mama,

Barua yako imetufikia. Unasema umeacha mbio kwa sababu kwenye mita 800 uliongoza mzunguko wa kwanza, wa pili ukaishiwa nguvu, wote wakakupita. Na huko bwenini Likasi wanakucheka kwa kuwa unacheza mpira na wavulana.

Nataka umjue Maria Mutola wa Msumbiji. Alizaliwa mwaka 1972, akakulia Chamanculo, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Maputo, naye pia alicheza mpira na wavulana. Timu yake iliposhinda, walioshindwa wakalalamika kwamba imechezesha msichana. Mshairi José Craveirinha ndiye aliyemvuta kwenye riadha. Mwaka 1988, akiwa na miaka 15 kama wewe, alikwenda Olimpiki ya Seoul. Akatolewa raundi ya kwanza!

Mwaka 1991 alipata ufadhili, akaenda kusoma na kufanya mazoezi Oregon, Marekani. Mwaka 1993 akawa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Stuttgart. Miaka miwili baadaye, kwenye mashindano hayo ya dunia kule Göteborg, Sweden, kila mtu akimngojea yeye, akaondolewa kwenye nusu fainali kwa kutoka nje ya njia yake. Basi mwezi uleule, Brussels, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1000 kwa dakika 2 na sekunde 29.34. Hapo ndipo ninapompendea. Uchungu wote aliushusha miguuni.

Atlanta 1996 akapata shaba. Dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza kwa nchi yake, ikaja Sydney mwaka 2000, miaka 12 baada ya Seoul. Wewe unataka kukata shauri kwa mbio moja ya shule?

Mpira nao usiuache. Mutola alipostaafu mbio aliurudia, na mwaka 2011 akaichezea timu ya taifa.

Halafu sikiliza. Mzunguko wa kwanza ukiwa wa kasi kidogo kuliko wa pili, si vibaya. Ukiukimbia kama mita 200, kona ya mwisho miguu itakataa. Mwombe mwalimu akupimie muda kila mita 200.

Mama yako anaona umalize kwanza mitihani. Mimi nasema endelea sasa hivi, hata mara mbili kwa juma. Jumapili nipigie simu, unipe namba ya viatu vyako, nikutafutie vya misumari.

Baba yako