Barua kwa Seif: ile faili ya mizizi

Tanga, 14 Septemba 2025

Swahiba wangu Seif,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nyumbani wote hawajambo. Mama anakusalimu sana, anasema halua ya Muscat uliyomwahidi bado anaisubiri na meno anayo yote. Salamu zitoshe hapo. Tangu Ramadhani ya mwaka jana nimekuandikia barua pepe tatu, hukujibu hata moja, nami sikulaumu, kazi za huko nazisikia na watoto bado wadogo. Ila hili la leo haliwezi kungoja.

Juma lililopita Mwalimu alinipigia simu saa tatu usiku. Unamjua, hapigi simu hovyo. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefikwa na msiba: "Mwanangu, kurasa zote zimekuwa nyekundu." Ni ule mswada wake wa hadithi za watoto, kurasa 212, kila neno lina mstari mwekundu chini yake. Mjukuu alimnunulia kompyuta nyingine ya mtumba, akamwekea LibreOffice mpya, ile programu ya bure ya kuandikia, akarudi zake Arusha. Kamusi yetu ya kukagua tahajia ya Kiswahili hakuiweka, hakujua kama ipo duniani. Tukakaa kwenye simu saa moja na nusu: bonyeza hapo juu, nisomee umeona nini, hapana, rudi nyuma. Kumbe hata lugha ya maandishi ilikuwa imewekwa Kiingereza, ndiyo maana "na" na "ya" nazo zilihesabiwa makosa! Nikamtumia faili yetu kwa WhatsApp, akaisakinisha, akafunga, akafungua tena. Kimya. Halafu nikamsikia, "Alhamdulillahi," polepole, kama mtu aliyetua mzigo.

Hakuishia hapo, lakini. Akaanza kunisomea yaliyobaki mekundu. "Unde." "Mnemba." "Uviko." Halafu akafika kwenye "kumuona". "Kumwona" inapita, "kumuona" haipiti. Akaniuliza, "Nani kawaambieni kwamba kumuona ni kosa?" Sikuwa na jibu, maana ana haki. Watu wanaandika yote mawili, na vitabu vinachapa yote mawili.

Seif, hapo ndipo nilipokwama na ndiyo sababu ya barua hii. Maneno kama "unde" nayaongeza mwenyewe: nafungua orodha, naandika neno, nabadilisha idadi pale mstari wa kwanza, kazi imekwisha. "Kumuona" si neno moja. Ni kila mzizi unaoanza na irabu, katika kila njeo na kila nafsi, na hayo yako kwenye faili ya viambishi, ambayo haiandikwi kwa mkono wala haigusiki.

Unaukumbuka usiku ule Chumbageni, uliponichorea kwenye karatasi ya maandazi? Uliandika "hawajatuandikia", ukaikatakata kwa vistari: ha-wa-ja-tu-andik-i-a. Ukaniambia Hunspell, ile programu inayoisoma kamusi yetu na kukagua maneno, ilitungwa na László Németh kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayobeba mzigo wake mwishoni mwa neno. Kwa hiyo inajua kuvua kiambishi kimoja mbele na viwili nyuma, na ukiigeuza huvua viwili mbele na kimoja nyuma. Kitenzi chetu kimekuja na vinne mbele. Mafuta ya maandazi yalikuwa yamepenya mpaka kwenye ule mstari wa mwisho, nawe hukujali, ukaendelea kuandika pembeni: nafsi sita, mara njeo nne, mara watendwa sita pamoja na pale pasipo na mtendwa, jumla 168, na hapo bado hatujagusa ukanushi, ngeli wala virejeshi. Ndipo ukaandika ile skripti kwa Perl, lugha ya kuandikia programu, inayoviunganisha viambishi, "hawajatu" nzima ikawa kiambishi kimoja machoni pa Hunspell. Nilikuona kama mtu aliyemdanganya simba akaingia zizini mwenyewe.

Sasa matokeo ya ile skripti ninayo, ya 2019, maelfu ya mistari. Skripti yenyewe nina nakala ya zamani, na nikiiendesha inakatika katikati ikidai faili ya mizizi ya vitenzi. Faili hiyo sina. Nimepekua flashi zote, nimepekua ile diski ya nje iliyokuwa kwa marehemu kaka, sina. Ninavyokumbuka ilibaki kwenye kompyuta yako ile iliyovunjika kifuniko. Bila hiyo kamusi imeganda pale pale 2019. Nitaongeza nomino mpaka nizeeke, vitenzi vitabaki kama vilivyo.

Utaniuliza ni nani bado anaitumia. Ninaowajua mimi ni 11. Mwalimu. Wale dada wawili wa redio. Bwana wa tafsiri kule Pemba, anayeandika kila Januari kuuliza kama bado tupo. Na Mzee wa chapa, pale pale Ngamiani, na kompyuta yake ile ile ya zamani, ya biti 32. Huyu ananitia simanzi zaidi. Anatumia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na LibreOffice wenyewe waliacha kutoa vifurushi vyake vya biti 32 tangu toleo la 6.3 mwaka 2019, akawa anaponea vya Debian, mojawapo ya hizo Linux. Mwezi uliopita imetoka Debian 13, na kwa mashine kama yake hakuna tena hata kisakinishi. Nimemwachia Debian 12, nikamweleza ukweli kwamba masasisho yatakoma Juni 2028. Akaniuliza, "Na kamusi?" Ile mashine hakuiulizia. Kabla hatujamwekea aliwahi kuchapa kadi 300 za harusi zenye "mnakarbishwa", akazirudia zote kwa fedha yake. Sasa hachapi kitu kabla hajaipitisha kwetu.

Kuna jamaa hapa, fundi hodari, aliniambia watu 11 si kitu, zima hiyo kazi ukapumzike. Nilikasirika mpaka nikanyamaza. Hao 11 ndio wanaoandika. Kadi ya harusi inasomwa na mtaa mzima, taarifa ya redio inasikika mpaka Lushoto, na hadithi za Mwalimu zitasomwa na watoto ambao mimi na wewe hatutawajua. Tena mwezi ujao, tarehe 14 Oktoba, Windows 10 inaachwa bila masasisho ya kawaida, na hapa mjini kompyuta za zamani zimejaa. Tayari watatu wamenifuata wakitaka niwawekee Linux. Watakuja na Kiswahili chao. Niwape kamusi isiyojua "kumuona"?

Unaikumbuka Jambo OpenOffice, ile programu ya kuandikia iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa 2004? Menyu zote kwa Kiswahili. Mimi ndiyo iliyonifanya niamini kwamba jambo hili linawezekana. Juzi niliwauliza vijana wa kozi yangu, 20 na kitu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Nilirudi nyumbani sina raha.

Jambo lingine, na hili nalitaja kwa sababu silali vizuri. Mwezi Julai tumepata barua pepe ya mtu anayejitolea kuichukua kamusi yote: funguo, akaunti, kila kitu. Kiswahili chake kizuri, maneno yake matamu. Labda ni mtu mwema, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilikumbuka yale ya XZ, ile programu ya kubana faili, Machi 2024. Mtunzaji alikuwa mmoja, amechoka, akatokea mtu mwenye jina la Jia Tan akamsaidia zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kumbe anachimba mlango wa nyuma, wa kuingilia kwa siri kompyuta za watu. Akagunduliwa kwa sababu tu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, Seif! Yetu ni kamusi tu, najua, lakini inasakinishwa kama kiendelezi ndani ya kompyuta za watu, na Mwalimu akiona jina letu anabonyeza bila kufikiri mara mbili. Nimemjibu yule bwana kwamba aanze kwa kutuletea masahihisho 20 tuyatazame. Mpaka leo hajarudi. Sijui nimekosea.

Nikuambie pia, sikuombi urudi kwenye kazi. Ulitoa miaka yako, na hakuna aliyekulipa hata nauli. Nataka ile faili, na nywila ya akaunti tunakopakia, maana barua ya kuibadilisha inakwenda kwenye anwani yako ya zamani. Na saa moja ya simu unieleze pale kwenye mw- na mu-. Yule binti wa dada yangu, unayemwita Profesa, yuko mwaka wa pili anasoma kompyuta na Perl ameianza mwenyewe kwa ajili hii. Atakaa pembeni yangu aandike kila utakalosema, safari hii isiwe kwenye karatasi ya maandazi.

Sasa nijibu. Ile kompyuta yenye kifuniko kilichovunjika iko wapi, ulikwenda nayo au iko kwa wazee Pangani? Kama iko Pangani, naweza kwenda Jumamosi, nimwambie nani anifungulie? Diski yake ilikuwa nzima? Uliwahi kuweka nakala mahali pengine hata bila kukusudia, labda ulimtumia yule bwana wa Pemba? Anwani ya zamani bado unaweza kuifungua? Na wewe mwenyewe, mgongo unaendeleaje? Watoto wanaongea Kiswahili au kimeshamezwa? Nikupigie Ijumaa baada ya swala, saa zenu?

Ni mimi swahiba wako,
Idrisa