Bajeti ya Ulinzi: tuulize kwanza habari za baruti

Mhariri,

Kila bajeti ya Ulinzi inaposomwa Dodoma, vijiweni hapa Moshi mjadala huwa ni ndege, vifaru na siku hizi droni. Baruti, yaani unga unaosukuma risasi au kombora litoke kwenye mtutu, haitajwi, ilhali vita vya Ukraine vimeonyesha kuwa hapo ndipo wakubwa walipokwama. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12. Muda ukaisha yamefika kama nusu. Marekani nayo ilikuwa haitengenezi TNT, kilipuzi kinachojazwa ndani ya makombora, nyumbani tangu 1986, ikawa inanunua Poland. Baruti yenyewe hutokana na nitroselulosi, inayotengenezwa kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. (Shinyanga na Simiyu mpo?)

Mzinga wa milimita 155 unahitaji vitu vinne ili ufyatue: kombora la takriban kilo 43, fyuzi (kinacholipua kombora), chaji ya baruti na kiwashio (kinachowasha baruti hiyo). Kimoja kikichelewa, vitatu vilivyofika ni mzigo wa ghala tu.

Na ghalani ndiko hasara hujificha. Baruti huoza polepole hata ikiwa imefungwa vizuri, hivyo huchanganywa na kidhibiti, mfano difenilamini, kinachonasa gesi zinazotoka. Kidhibiti kikiisha, baruti hujipasha moto yenyewe na inaweza kuwaka bila kuguswa. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuoza huongezeka mara mbili au zaidi. Ghala la bati lisilopitisha hewa huko pwani hula umri wa baruti upesi. Risasi za bei ya kutupa mara nyingi zimeshamaliza nusu ya umri huo kwa muuzaji.

Kwa hiyo mkataba wa ununuzi udai namba ya toleo (yaani kundi lililotengenezwa pamoja), mwaka baruti ilipotengenezwa (si mwaka risasi ilipounganishwa), asilimia ya kidhibiti siku ya kupokea, na sampuli za kupima maabara kila baada ya miaka michache. Ghala nalo litoe kwanza toleo lenye kidhibiti kidogo, hata kama liliingia mwisho. Baada ya milipuko ya maghala ya jeshi Dar es Salaam, kule Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, umbali kati ya maghala na makazi si suala la kuahirisha.

Shirika la Mzinga kule Morogoro, kiwanda chetu cha risasi, lipewe oda ndogo kila mwaka. Oda moja kubwa kila baada ya muongo huacha mitambo ikishika kutu na mafundi wakistaafu bila warithi. Kamati ya Bunge inayosimamia Ulinzi iombe jedwali la umri wa baruti kabla ya kupitisha ununuzi wowote mpya.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi