Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Zimamoto: konstebo apimwe kwa kazi anayokwenda kuifanya

Afande Kamishna Jenerali,

Yah: Sifa na majukumu ya konstebo wa zimamoto anayeanza kazi

Kila nafasi za ajira za Jeshi la Zimamoto na Uokoaji zinapotangazwa, vijana hujaa stesheneri kuskani vyeti. Tangazo linawataka wawe raia wa Tanzania, wawe wamemaliza kidato cha nne, wawe ndani ya umri uliowekwa, wawe na afya njema na wasiwe na rekodi ya uhalifu. Urefu nao hutajwa. Kwa chombo cha ulinzi na usalama, masharti hayo tunayaelewa. Tunachokikosa ni kazi yenyewe. Kijana anamaliza kusoma bila kujua kwamba atatakiwa kuingia chumba chenye moshi akitambaa, kushuka kisimani, kuogelea, na kupiga hesabu za kugawanya huku moyo unamwenda mbio.

Ombi letu, Afande, ni kwamba kabla hajaitwa chuoni Chogo, mwombaji apimwe kwa vitendo katika mambo atakayokutana nayo kwenye zamu zake za mwanzo, na vipimo hivyo viandikwe kwenye tangazo ili kila mtu ajipime kwanza nyumbani kwao.

Tuanze na mpira wa maji, maana ndio kifaa ambacho konstebo mpya hukabidhiwa mapema kuliko vingine. Mpira wa kipenyo cha milimita 70 wenye urefu wa mita 25, ukijaa, una takriban lita 96 za maji. Hizo ni kilo 96, hujahesabu uzito wa mpira wenyewe. Wa milimita 45 una kama lita 40. Ndiyo maana mpira huvutwa ukiwa mtupu hadi karibu na moto, ukaachiwa ziada ya kutosha kufika chumba cha mwisho, ndipo maji yaitwe. Anayeita maji mapema hukwama kwenye kona ya ngazi na mzigo usiokunjika. Maji yakishatoka, nozeli, yaani kichwa cha mpira kinachotolea maji, nayo inasukuma kurudi nyuma: ncha ya milimita 20 kwa shinikizo la baa 7 humsukuma aliyeishika kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45, kwa hiyo nyuma yake lazima awepo wa pili wa kumkaza. Nozeli hufungwa taratibu. Ikifungwa kwa pupa, maji yaliyokuwa kwenye mwendo hugonga na kurudi, na hapo mpira hupasuka au pampu huumia.

Katika yote hayo, urefu wa mwombaji unatueleza kidogo sana. Kinachoeleza ni mshiko wa mikono, mapaja na pumzi. Mpeni avute mpira mtupu wa milimita 70 kwa mita 50, apande ghorofa nne na mwingine begani, kisha amburute mdoli wa kilo 70 kwa mita 30 akiwa amevaa mzigo wa kilo 20, ambao ni karibu na uzito wa mavazi na mtungi wa hewa ya kupumulia. Kipimo kiwe hicho hicho kwa wavulana na wasichana, kwa muda ule ule, maana majeruhi hapungui uzito kwa sababu ya jinsia ya anayemtoa.

Kuhusu maji, lawama tunaijua sote: "Zimamoto wamekuja bila maji." Mara nyingi gari lilikuja na maji. Gari la lita 5,000 likitoa mipira miwili, kila mmoja ukimwaga lita 450 kwa dakika, linakauka kabla ya dakika ya sita. Mwananchi anayefika dakika ya saba anakuta gari tupu na anaamini lilitoka kituoni hivyo. Kwa hiyo wakati wenzake wanaanza kuzima, konstebo mmoja kazi yake ni kutafuta maji ya pili. Lazima ajue haidranti, yaani bomba la mtaani la kuchotea maji ya zimamoto, ya mtaa ule iko wapi, ipi imefukiwa na lami, ipi imejengewa kibanda juu yake, ipi haina presha saa za jioni. Akiifungua, kwanza aiache imwage mchanga na kutu chini, ndipo aunganishe mpira. Mawe madogo yakiingia yataziba nozeli katikati ya kazi. Kama maji yanafyonzwa mtoni au ziwani, ajue kwamba pampu haivuti zaidi ya mita 7 hivi kwenda juu, kwamba koplingi (kiungio cha mpira) moja iliyolegea inaingiza hewa na pampu haitashika, na kwamba chujio lizame vizuri bila kugusa tope. Akitumia maji ya bahari, pampu isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kabla gari halijarudi kwenye zamu.

Tunakuja kwenye mtungi wa hewa, na hapa tunaomba utuvumilie, kwa sababu hapa ndipo konstebo anaweza kupoteza maisha akiwa hana kosa la nidhamu hata moja. Mtungi huo una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni kama wengi wanavyodhani. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 una takriban lita 2,040 za hewa. Filimbi ya tahadhari hulia geji, yaani saa ya kusomea shinikizo la mtungi, ikikaribia baa 55. Kuanzia kujaa hadi filimbi, basi, kuna lita 1,666 tu. Mtu mtulivu anayetumia lita 40 kwa dakika anapata dakika 41. Mtu yule yule akibeba majeruhi anaweza kutumia lita 100, na hapo ana dakika 16. Mgeni mwenye woga hufika huko hata kabla hajabeba kitu.

Filimbi ikilia, konstebo anapaswa kuwa nje tayari. Anayengoja filimbi ndipo ageuke amekwisha kuchelewa, kwa sababu kilichobaki ni akiba ya dharura. Hesabu hufanywa mlangoni: tumeingia na baa 290, tumefika chumba cha pili na baa 210, maana yake njia ya kuingia imekula 80, na kutoka kutakula si chini ya hapo. Kikosi huongozwa na geji ya mwenye hewa kidogo kuliko wote, hata kama ndiye mdogo kwa cheo. Hii ndiyo sababu tunasema cheti cha kidato cha nne kiangaliwe hadi kwenye hisabati, na kwenye usaili mwombaji apewe hesabu tatu za namna hii azifanye kwa kichwa, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kukimbia.

Kuna jambo dogo ambalo halifai kuonewa haya: ndevu. Nywele zikipita kati ya ngozi na ukingo wa barakoa, barakoa haizibi. Hewa huvuja, mtungi huisha mapema, na moshi unaweza kupenya. Kunyoa pale ukingo unapokaa ni sharti la usalama, na mwombaji aambiwe mapema ili aamue mwenyewe. Yupo pia asiyestahimili giza na nafasi finyu. Huyo si mwoga wala si mzembe, mwili wake tu unakataa, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajaacha shughuli nyingine.

Visima na vyoo vya shimo vinastahili nafasi kubwa kuliko vinavyopewa, kwa sababu wito wa namna hiyo ni wa kawaida katika mikoa yetu. Mtu ameshuka kufufua kisima, amezimia. Ndugu yake anashuka kumfuata, naye anazimia. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 10 mtu huzimia bila onyo la kutosha kupanda kamba. Kwenye choo kuna gesi inayonuka yai viza, na hatari yake ni kwamba ikizidi huua uwezo wa kunusa, mtu akadhani imekwisha. Kwenye kisima kilichoshushiwa pampu ya petroli kuna moshi wa injini usio na harufu ya kutisha, nao huua haraka. Ile desturi ya kushusha mshumaa ikomeshwe: hauonyeshi gesi hizo mbili, na kwenye shimo lenye methani unaweza kulipua.

Utaratibu ni kushusha kipima gesi kwa kamba na kusoma juu, katikati na chini. Kupuliza hewa safi. Kufunga stendi ya miguu mitatu mdomoni mwa shimo. Na mshukaji avae mtungi na mkanda wa mwili mzima, huku mwenzake akiwa juu, amekwisha kuvaa, tayari kumfuata. Barakoa ya kitambaa au ya kichujio haisaidii, kwani haiongezi oksijeni. Kazi ya konstebo mpya hapa kwa kawaida ni kamba, na kamba inataka mtu asiyegeuza macho kwa kelele za wanaolia pembeni. Pengine hilo ndilo gumu kuliko yote.

Gesi ya kupikia inaongezeka majumbani, na mkakati wa taifa wa nishati safi unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Konstebo ajue kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa sakafuni na kuingia mitaroni. Moto unaotoka kwenye mtungi usizimwe kabla ya kujua kama vali itafungika, kwa sababu ukiuzima na gesi ikaendelea kutoka, umebadilisha moto unaouona kuwa mlipuko unaoungoja. Mtungi upozwe kwa maji, mzimaji akiwa nyuma ya ukuta. Ndani ya chumba kilichojaa gesi, swichi isiwashwe wala isizimwe.

Petroli ina somo lake, na taifa lililipata Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na wengi kukimbilia kuchota. Kwenye tukio kama lile kazi ya kwanza ya konstebo ni mdomo: kuwarudisha watu angalau mita 50 kila upande, na mita 800 tangi likiwaka, kuzuia bodaboda zisiwashwe, na kusimama upande upepo unakotokea. Povu hutandazwa juu ya mafuta hata kama hayajawaka. Je, usaili unampima mwombaji uwezo wa kuusemesha umati wenye hamu bila kutukana na bila kutetemeka? Tunaona upime.

Kuogelea nako kusiachwe. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria jirani na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika, na watu 19 kati ya 43 walifariki. Hatupendekezi asiyejua kuogelea akataliwe, kwa maana vijana wa Dodoma na Singida watakuwa wameonewa. Afundishwe chuoni, na asipangiwe kituo cha ziwani au pwani mpaka aogelee mita 100 akiwa na nguo na ajue kumtupia kamba anayezama badala ya kumrukia.

Huduma ya kwanza haihitaji maelezo mengi: mikandamizo ya kifua 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, jeraha la moto lipozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai.

Gharama za vipimo hivi ni ndogo. Mipira iliyochakaa ipo vituoni. Mdoli hushonwa kwa turubai na kujazwa mchanga. Kontena moja la futi 20, likiwekewa vizuizi vya mbao ndani na kuzibwa mwanga, linatosha kuonyesha nani anastahimili giza akiwa na barakoa ambayo vioo vyake vimezibwa. Tunaomba kila kituo cha mkoa kiwe nalo kabla ya usaili ujao, milango yake ifunguke kutokea ndani, na askari mzoefu akae humo muda wote kumtoa atakayeshindwa.

Tunaomba kuwasilisha.